Mwezi Ulioandama bila Idhini

Hapo zamani, reali ilipokuwa fedha kweli na neno la mtu lilipokuwa zito kuliko reali, watu wawili walikuwa wakigombana mlangoni pa jumba la Sultani wa Kiwambo kwa ajili ya reali thelathini. Mmoja alikuwa Waziri Tamimu, mwenye kilemba kikubwa na funguo za hazina kiunoni. Wa pili alikuwa Bwanaheri, mpiga sakafu, maskini wa Mungu, mguu wake wa kulia umefungwa magango ya vijiti, ameegemea mkongojo, na jasho linamtoka kwa hasira kuliko kwa maumivu.

"Reali thelathini," alisema Bwanaheri. "Sikuongeza, nawe usipunguze."

"Umechelewa," alisema Waziri.

"Nimechelewa vipi, nami nimo njiani kuja hapa tangu siku niliyoanguka?"

"Mwezi umeandama. Sheria ni sheria."

Sheria yenyewe ilitolewa na marehemu baba yake Sultani, wala haikuwa sheria mbaya mtu akiisikia kwa mbali. Ilisema kwamba kila aumiaye katika kazi ya Sultani atalipwa reali thelathini, mradi adai kwa kinywa chake mwenyewe, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na adai kabla mwezi mwingine haujaandama. Mwezi ukiandama, dai limekufa, halina matanga. Basi ikawa aliyevunjika mkono mwanzo wa mwezi alikuwa na nafasi ya kulala, kupona, kunenepa, kisha kuja kudai akipiga miayo. Bwanaheri alianguka zimesalia siku mbili.

Na kuanguka kwenyewe kulikuwa hivi. Walikuwa darini pa jumba wakipiga sakafu, yaani wakiitwanga chokaa mbichi kwa vibao, safu kwa safu, huku wakiimba, mpaka ikaze iwe kama jiwe. Waziri alikuwa amepewa fedha ya boriti arobaini, akanunua ishirini, akazipanga mbalimbali kama meno ya kizee. Bwanaheri ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wenzake. Alipofika kwenye kiitikio akaruka juu kama ilivyo ada, akashuka, na dari haikuwapo. Akapita. Chini yake Sultani alikuwa ameketi anakula pilau, na Bwanaheri akaingia katika sinia kwa mguu wa kulia.

"Siku ya kwanza," alisema Bwanaheri pale mlangoni, akipandisha sauti ili wapita njia wasikie, "nilimtuma mke wangu. Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia aliyeumia si yeye. Mwenye mguu aje."

"Siku ya pili mwenye mguu akaja. Majirani wanne walinibeba juu ya kitanda changu mpaka kizingitini hapa. Ukaniambiaje?"

"Nilikwambia aliyelala hadai. Sheria yasema asimame."

"Na usiku ule mwezi ukaandama. Leo nimesimama. Waniambiaje?"

"Nakwambia umechelewa," alisema Waziri, naye alisema kwa upole kabisa, maana upole humkera mwenye haki kuliko matusi.

"Lau ningalijua," alisema Bwanaheri, "ningalianguka mwanzoni mwa mwezi."

"Ndiyo. Ungalipanga mambo yako."

Hapo Bwanaheri akainua mkongojo. Hakuna ajuaye kama alitaka kumpiga nao au alitaka tu kuuhamisha upande, kwa sababu wakati ule ule Sultani alitokeza mlangoni, kanzu haijafungwa kifungo cha shingo, kinywa kingali kinatafuna.

"Ni kelele gani hizi watu wanapokula?" akauliza. Kisha akamtazama Bwanaheri sana. "Wewe si ndiye uliyeingia katika sinia langu?"

"Ndimi, Maulana. Niliingia bila kubisha hodi, na radhi nikaomba ningali mchuzini."

"Kweli, uliomba," alisema Sultani, naye alikuwa mtu mwema kwa tabia, ila alipenda chakula na aliogopa hesabu. Akamgeukia Waziri. "Ataka nini?"

Waziri akainama, akaeleza, na kila alichoeleza kilikuwa kweli, ndiyo maana kilikuwa kibaya. Alipomaliza akaongeza, "Tena Maulana, yako madai ya hazina juu yake. Sinia la shaba limebonyea, pilau ya kondoo mzima imemwagika, na dari ina tundu. Hayo yote nimeyathamini reali thelathini."

"Na dai hilo," alisema Bwanaheri, "halikuuawa na mwezi?"

"Dai la hazina halifi. Linalokufa ni dai la mtu."

Watu waliokusanyika wakaguna. Sultani akasikia mguno ule akaona haya kidogo, lakini haya yake hayakufika mfukoni. Akasema, "Ewe Bwanaheri, sheria hii ni ya baba yangu, nami siwezi kuivunja kaburi lake lisije likanilaani. Mwezi umeandama, nami nitafanya nini? Haya, nakupa njia. Urudishe mwezi huu ulikotoka, uwe haujaandama, nami nitakulipa reali zako. Njoo kesho baada ya alasiri. Ukishindwa, utanipigia sakafu bila ujira mpaka deni la sinia liishe."

Waziri akacheka hadi kilemba kikamwenda upande. Bwanaheri hakucheka. Akasema, "Nimesikia, Maulana," akageuka akaenda zake, mguu mmoja unakanyaga na mwingine unaning'inia.

Nyumbani mkewe, Mishi, alikuwa ameinama mvunguni anakitegemeza kitanda kwa jiwe, maana kitanda kile siku hizo kilikuwa na miguu mitatu.

"Amekulipa, Baba Zena?"

"Ameniambia nirudishe mwezi."

Mishi akanyoosha mgongo. "Nawe ukamjibuje?"

"Nikasema nimesikia."

"Umesikia. Wewe hata mbuzi wa jirani aliyeingia jikoni alikushinda kumrudisha, sasa utarudisha mwezi. Na ukishindwa?"

"Nitapiga sakafu bure."

"Kwa mguu upi?"

Mtu mwenye mguu mmoja akipewa kazi ya bure juu ya dari yenye boriti ishirini, mkewe anajua tayari atakuwa mjane wa chumba gani. Mishi akaketi juu ya kile kitanda, kitanda kikainama, akainuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikutaka utajiri. Nilitaka unga na mganga wa mifupa alipwe. Usiku ule nilisimama hapa nje nikiomba mwezi usionekane, mawingu yauzibe. Nikasikia siwa imelia, nikajua basi tena, dai letu limekufa."

"Ulisikia siwa," alisema Bwanaheri.

"Mji mzima ulisikia."

"Na kabla ya siwa ulisikia nini?"

Hapa yafaa kueleza desturi ya Kiwambo, kwa kuwa haikuwako mji mwingine. Kule mwezi haukuandama kwa kuonekana tu na kila mwenye macho. Ulikuwa mwezi wa Sultani. Jioni ya mwandamo Sultani mwenyewe hupanda darini, hutazama magharibi, na akiuona hutamka kwa sauti, "Nimeuona." Ndipo siwa ya pembe hupulizwa, na mwezi huhesabiwa kuwa umeingia. Asipotamka, hata watu elfu wauone, mwezi haujaandama.

Mishi akafungua kinywa ajibu, akakifunga, akakifungua tena. "Kabla ya siwa," akasema, "sikusikia kitu."

"Nipe uji nilale," alisema Bwanaheri.

Kesho yake baada ya alasiri Sultani aliketi katika uwanja wa mbele ya jumba, juu ya kiti cha nakshi, chini ya mwavuli wake mkubwa wenye shada, na mtumishi ameushika. Waziri alisimama kuumeni. Watu walijaa mpaka juu ya kuta, maana habari ya mtu anayerudisha mwezi hukusanya hata wagonjwa. Mbele kabisa alikuwapo Famau muuza halwa na sinia lake kichwani, amekuja kwa biashara na kwa umbeya, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia.

"Ewe Bwanaheri," alisema Sultani, "umeurudisha?"

"Maulana, niko tayari kuurudisha. Ila mimi ni maskini, naogopa kukutwa na kitu cha mtu. Nataka kwanza nijue mwezi huu ni wa nani."

"Ni wangu," alisema Sultani. "Katika mji huu mwezi ni wangu, ulikuwa wa baba yangu na wa babu yangu."

"Ndivyo nilivyojua. Basi Maulana uliuona kwa macho yako?"

Sultani akajipangusa mafuta ya chakula mdomoni. Sifa yake moja kubwa ilikuwa kwamba hasemi uongo akiwa ameshiba, na wakati ule alikuwa ameshiba. Akasema, "Sikuuona. Darini pana tundu, na jinsi nilivyoona mtu anavyopita katika tundu lile, sitapanda mpaka lizibwe. Nilikuwa chumbani. Nikasikia siwa, nikadhani..." Hakumaliza.

"Ukadhani umeuona," alimsaidia Bwanaheri.

"Nilidhani mambo yamekwenda."

"Kwa hiyo neno Nimeuona lilitamkwa na nani?"

Watu wakatazamana. Waziri akajikohoza, akasema, "Mimi niliuona kutoka dirisha langu, nikaamuru siwa ipulizwe. Ilikuwa kwa faida ya serikali. Kodi za nyumba hutozwa mwezi ukiandama, nami sikupenda kodi za Maulana zichelewe."

Bwanaheri aliposikia hayo hakubishana. Akageuka pole pole juu ya mkongojo wake, akampa Sultani ubavu, akainama mbele ya Waziri mpaka kofia ikataka kuanguka, akasema, "Nisamehe, Maulana. Sikujua."

Famau, aliyekuwa akimkatia mtu halwa, akaacha kisu ndani ya halwa.

"Unamwita nani Maulana?" akauliza Sultani.

"Mwenye mwezi. Wewe umesema mwezi ni wa Sultani, na huu aliyeuona ni yeye, aliyeuingiza ni yeye, na siwa ililia kwa amri yake. Mimi sina ugomvi. Mji ukiwa na miezi miwili na masultani wawili, maskini hupiga magoti mara mbili, ndiyo tofauti pekee."

Sultani akamgeukia Waziri kidogo kidogo, kama mtu anayegeuza samaki asiungue. Akamwuliza, "Tamimu, una mwezi?"

"Sina, Maulana."

"Uliona nini kutoka dirisha lako?"

Waziri Tamimu alikuwa mjanja, lakini ujanja wake ulikuwa wa kukaa na kupanga, si wa kusimama na kujibu. Akaangalia upande wa watu, akaona Mishi amekunja mikono. Akaangalia upande wa askari, akaona wanamwangalia kwa namna ambayo jana hawakumwangalia. Akasema, "Sikuona mwezi."

"Uliona nini?"

"Niliona ukucha."

"Ukucha wa nani?"

"Wangu, Maulana. Nilikuwa dirishani nakata kucha, na kipande kimoja kikaruka juu, kikapita mbele ya macho yangu upande wa magharibi, chembamba, cheupe, kimepinda. Nikadhani ni mwezi. Mtu huchoka na kazi."

"Kwa hiyo mwezi haukuandama."

"Haukuandama, Maulana. Ulikuwa ukucha."

"Basi nimeurudisha," alisema Bwanaheri.

Lakini siku kadhaa zilikuwa zimepita, na mwezi hauna adabu ya kungoja mashauri ya watu. Upande wa mashariki, katika mbingu ya alasiri, ulikuwa umetokeza nusu nzima, mweupe kama kipande cha nazi. Famau akaunyooshea kisu, akasema, "Bwana Waziri, na ule je?"

Watu wote wakatazama juu, ila Sultani, kwa kuwa mwavuli ulimzuia.

"Ule nini?" akauliza Sultani.

Waziri akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Ni ule ukucha, Maulana."

"Mbona wanaushangaa?"

"Umekua," alisema Waziri. "Kucha hukua."

Loo, uwanja ukaangua kicheko, mtu akaanguka kutoka ukutani akaendelea kucheka chini. Katikati ya kicheko kile wenye akili wakaanza kukumbuka mambo yao. Mmoja akasema kama mwezi haukuandama, kodi aliyotozwa ilikuwa ya mwezi gani. Wa pili akasema mkwewe alimpa muda mpaka mwandamo alete mahari, na siwa ilipolia mkwe akavunja uchumba, basi sasa aurejeshe. Famau akasema yeye alilipa kodi ya ukucha na anaitaka fedha yake. Sultani akainua mkono wakanyamaza, akaamuru kodi zote za mwezi ule zirudishwe na Waziri mwenyewe, kwa mikono yake, mlango kwa mlango, akiomba radhi. Na alipoona jinsi watu walivyompigia vigelegele, haya yake ya jana yakamtoka, akafurahi.

Waziri akabaki na neno moja, akaling'ang'ania kama mtu anayezama. "Maulana, na iwe mwezi haukuandama. Lakini sheria ina sharti lingine, mwenye kudai asimame kwa miguu yake mwenyewe. Huyu amesimama kwa mti."

Sultani akautazama mkongojo. "Kweli. Bwanaheri, hili nalo utajibuje?"

"Mti huu ni mguu, Maulana."

"Mguu gani?"

"Tendegu. Fundi seremala yeyote aje aulizwe tendegu ni nini, atasema ni mguu wa kitanda. Siku niliyoambiwa aliyelala hadai, nilirudi nyumbani nikakikata kitanda changu mguu, kwa kuwa fedha ya kununua mkongojo sikuwa nayo. Kitanda ni changu, nilikitolea jasho, mke wangu shahidi. Kama kitanda ni changu, mguu wake ni wa nani? Sheria imesema nisimame kwa miguu yangu, haikusema niwe nimezaliwa nayo."

"Nimelala na jiwe mvunguni siku zote hizi," alisema Mishi kutoka nyuma. "Mguu ni wetu."

Hapo Sultani hakuweza tena. Alicheka akajipiga mapaja, akacheka akashika tumbo, akacheka mpaka mtumishi mwenye mwavuli naye akatetemeka na shada zikacheza. Akasema, "Wallahi, Bwanaheri, sijapata kucheka hivi tangu ulipoingia katika pilau. Nitakupa joho. Nitakupa punda mweupe na matandiko yake. Utakaa nami barazani kila Ijumaa unichekeshe, na chakula utakula kwangu. Njoo, tuingie ndani, tukila tutazungumza habari ya zawadi zako, leo au kesho au siku yoyote, kuna haraka gani?"

Watu wakampigia Bwanaheri makofi, wakamwona kama mtu aliyekwisha tajirika. Lakini Bwanaheri alikuwa akimtazama Waziri, akaona amesogea karibu na mtumishi wa mwavuli, akamnong'oneza, "Funga, jua limepoa." Mtumishi akaufunga mwavuli.

"Maulana," alisema Waziri kwa sauti ya asali, "tazama juu, ndege gani yule anapita?"

Sultani, macho yangali na machozi ya kicheko, akaanza kuinua kidevu. Mbingu ilikuwa safi. Nusu ya mwezi ilikuwa pale pale juu ya paa la jumba, na neno moja tu lilikuwa limebaki kutamkwa na mwenye mwezi, na likitamkwa, dai limekufa mara ya pili.

Famau hakuwa msomi, lakini kodi yake nayo ilikuwa hatarini. Akaruka mbele, akalishika sinia lake la halwa kwa mikono miwili, akalikinga juu ya kichwa cha Sultani, na vipande viwili vya halwa vikamwangukia Sultani begani.

"Niondolee hiki," alisema Sultani chini ya sinia. "Bwanaheri, nimekwisha kukupa joho na punda, bado wataka nini?"

Bwanaheri akasogea kwa miguu yake mitatu mpaka mbele ya kiti, akanyoosha kiganja.

"Joho silitaki, Maulana, sina pa kwenda nalo. Punda atataka majani. Barazani sitakaa, mimi ni mpiga sakafu. Nimeumia katika kazi yako, nimedai kwa kinywa changu, nimesimama, na mwezi haujaandama. Macho yako yaache chini, mkono wako utie mfukoni, unilipe reali zangu thelathini."